Ua Hilo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo kabisa ili nisiwape kazi ya kuniandikia kwenye maoni.

Nilichemsha jiwe.

Jiwe kabisa. Kwenye sufuria kubwa ya nyumbani, mchana kweupe, akili zangu zote zikiwa kichwani. Na wakati linachemka nilikuwa napiga mluzi.

Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumezika.

Sasa kaa vizuri.

Mimi ni fundi friji. Friji, viyoyozi, chochote kinachotoa ubaridi. Mtaani wananiita Baridi, na hata mke wangu siku hizi jina langu la kuzaliwa analitumia tu akikasirika. Mimi ni mtu wa utani. Nimepigwa na maisha kushoto na kulia, nikagundua kwamba ukicheka kipigo kinauma kidogo. Hiyo ndiyo dawa yangu. Mtaona ilinifikisha wapi.

Yalianzia kwenye kliniki moja ya meno iliyokuwa inahama. Waliniita nishushe viyoyozi. Pale mapokezi palikuwa na tangi la vioo, refu kama kitanda cha mtoto, maji yake ya chumvi, taa ya buluu juu. Ndani samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Na katikati, juu ya jiwe, kitu.

Sijui niseme kilifanana na nini. Fikiria mkono wenye vidole mia, rangi ya zabibu, kila ncha ya kidole kijani. Halafu mkono wenyewe unapumua.

"Dada, hiki nini?"

"Ua la bahari," mpokezi akanijibu bila kuinua macho. "Linakula."

"Ua linakula?"

"Kamba. Jumanne na Ijumaa."

"Kamba ya kuanikia nguo?"

Hapo akaniinulia macho. "Kamba wa baharini, fundi. Tangi hatuhami nalo. Ukilitaka beba, hulitaki tunamwaga."

Mtu mwenye akili angeondoka na bisibisi zake. Mimi nikaomba ndoo.

Nyumbani tunakaa ghorofa ya tatu. Nilipanda ngazi mara kumi na moja siku ile, maji, mawe, mchanga, pampu, vioo, na mara ya mwisho lile ua lenyewe ndani ya ndoo yenye mfuniko, nimelikumbatia kama mtoto anayetoka kliniki.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, bado na unga kwenye nyusi. Anafanya kazi kiwanda cha mikate.

"Baridi, hii ni nini?"

"Bahari."

"Tunakaa ghorofa ya tatu."

"Ndiyo maana nimeileta kwa mafungu."

Alitaka kununa akashindwa. Nilimwona anauma mdomo. Ila tangu siku hiyo ua lile akalibatiza jina: mke mwenzangu. "Mke mwenzangu amekula?" "Mke mwenzangu leo kaamka vizuri?" "Kamsalimie mke mwenzangu kwanza, mimi nitasubiri."

Na alikuwa na haki. Asubuhi kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshapima joto la maji. Jioni kabla sijavua viatu nilikuwa napima chumvi. Chakula chake nilikikata vipande kama kucha, namlisha kwa kibano kirefu, kinanata kwenye vidole vyake, vinajikunja taratibu kukipeleka kati. Mke wangu ananitazama tu. Hajawahi kulishwa kwa kibano wala kwa kijiko.

Lakini kwenye nyumba ile mtu aliyelipenda ua kuliko mimi alikuwa shangazi.

Huyu shangazi ndiye aliyenilea. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka sita, shangazi akaja na begi moja, akanichukua, akaenda kunikalisha chini ya cherehani yake. Nimekulia pale, kati ya pedali na vipande vya vitambaa. Amenivalisha, amenisomesha, amenichapa, na siku niliponyoa ndevu mara ya kwanza ni yeye aliyenishikia kioo.

Miaka arobaini ya vumbi la nguo iliingia kifuani mwake na haikutoka. Daktari alituambia wazi: mapafu ya huyu mama yamebaki robo. Moshi marufuku. Vumbi marufuku. Baridi marufuku. Tukamleta kwetu, chumba chetu ni kimoja, akawa analala sebuleni kwenye kochi la kukunjua. Tangi likakaa miguuni pake.

Nyumba nzima tuliishi kwa pumzi yake. Dawa ya mbu hatuwashi. Kitunguu tunakaanga kwa moto mdogo, dirisha wazi. Akikohoa mara mbili, mimi na mke wangu tunanyamaza kusikiliza kama itakuja ya tatu.

"Hili ni jike," shangazi aliniambia wiki ya kwanza, kidole kwenye kioo.

"Umejuaje?"

"Limejipamba, limekaa mahali pamoja, linasubiri kuletewa. Kama si jike basi ni mjomba wako."

Alicheka mpaka akakohoa. Tukasubiri ya tatu. Haikuja.

Kifua kilimnyima usingizi, kwa hiyo alilitazama. Aliniambia siku moja, kama mtu anayesema jambo dogo tu: "Toka lije, sihesabu tena nyufa za dari."

Maneno hayo yalinifanya nijione nimejenga hospitali.

Sasa aliyenifundisha kulitunza alikuwa jamaa mmoja muuza samaki wa mapambo. Duka lake ni kama korido, tangi kulia tangi kushoto, yeye katikati mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko. Tulimwita Mkato. Huyu bwana maneno anayatoa kama anatolewa damu.

"Mkuu, taa niwashe kwa muda gani?"

"Saa nane."

"Na pampu?"

"Funika mdomo."

"Wa kwangu au wa pampu?"

Hakucheka. "Ua hutembea. Likiingia kwenye pampu, supu."

"Ua linatembea?"

"Si ua. Mnyama."

"Sasa kwa nini mnaliita ua?"

"Jina tu."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote. Kwenye simu alikuwa mbaya zaidi. Unamwandikia barua, anakujibu maneno mawili. Lakini alikuwa hakosei. Kila alichoniambia kilikuwa hivyo hivyo.

Mwezi wa saba vikatokea vifungo.

Jina hilo alivipa shangazi, macho ya fundi cherehani hayazeeki. Kwenye jiwe moja, chini ya lile alilokalia ua, viliota viduara vidogo, kahawia, katikati kijani, pembeni vina nyuzi nyuzi.

"Vifungo," akasema. "Tena vya koti la kike. La gharama."

Mwanzoni vilikuwa vinne. Nikavipenda. Wiki mbili baadaye sikuweza kuvihesabu. Vikalifunika jiwe, vikaanza kupanda jiwe la juu.

Na ua likaanza kukosa raha.

Kwanza likajikunja mchana. Halafu likaachia jiwe lake, likatambaa kwa siku tatu mpaka pembeni kabisa mwa tangi, likagandamana na kioo, limesinyaa kama soksi iliyovuliwa. Mdomo wazi. Kamba hataki. Nilimsogezea kwa kibano, kikaanguka mchangani.

Shangazi hakulala siku hizo.

"Linafukuzwa kwake, Baridi."

"Litazoea."

"Mtu akifukuzwa kwake hazoei. Toa hivyo vifungo."

"Nitamwuliza Mkato."

"Uliza. Ila fanya haraka, mwanangu. Mimi nalijua hilo. Hilo limechoka."

Alivyosema "limechoka" sauti yake ilikuwa si ya kuzungumzia ua. Nikaona kabisa: hili ua likifa, na huyu ananifia. Nikaapa jiwe lile halitalala tena ndani ya tangi.

Ikawa Jumamosi. Mvua inanyesha, ile ya kuchapa. Madirisha nimefunga yote kwa sababu upepo wa mvua ulikuwa unamletea shangazi kikohozi. Mke wangu alikuwa na zamu ya mchana.

Sehemu inayofuata nimeisimulia mara nyingi sana. Nimewasimulia majirani, ndugu, waliokuja msibani, hata dereva aliyetupeleka makaburini. Niliisimulia vizuri mpaka nikaiamini. Nawapa kama nilivyokuwa nawapa wao.

Nilitoa jiwe lenye vifungo. Nikalipiga picha, nikamtumia Mkato, nikamwuliza. Simu nikaichomeka chumbani ipate chaji. Ikalia. Nikaenda kuangalia.

*Ua hilo.*

Maneno mawili. Kawaida yake.

Nawauliza ninyi mnaosoma: mtaalamu akikuandikia ua, wewe unafanya nini? Unaua. Si ndiyo? Nikalisugua jiwe kwa brashi ya waya, likatoa ute ute, vidole vikashika ganzi nikadhani ni baridi ya maji. Jiwe likaingia kwenye sufuria, maji mpaka shingoni, moto mpaka mwisho.

Yakachemka. Harufu ya bahari ikajaa nyumba nzima, ile harufu ya chumvi na kitu kingine, kama sarafu ya zamani.

Shangazi akaja jikoni anajikokota, khanga mabegani.

"Unapika nini?"

"Supu ya vifungo."

"Mshenzi wewe."

"Sogeza kiti, shangazi. Mvuke wa bahari huo. Kuna matajiri wanapanda ndege kuufuata, wewe unaletewa ghorofa ya tatu."

Nilikuwa natania. Nataka hilo lieleweke. Mimi natania hata msibani. Lakini yeye alikuwa amezoea kujifukiza kwa maji ya moto kifua kikibana, daktari mwenyewe alimruhusu, na sauti yangu ya utani na ya kweli ni moja. Wote wananiambia hivyo.

Akasogeza kiti.

"Jifunike kabisa, usiuachie," nikamwambia. Nikamletea taulo mwenyewe. Nikamfunika kichwa mwenyewe, yeye na sufuria, kama hema.

"Unachoma kidogo," akasema kutoka ndani.

"Ndiyo unafanya kazi."

Nikarudi sebuleni kupanga mawe yaliyobaki. Mluzi.

Baada ya kama dakika kumi akaniita.

"Baridi. Mdomoni nasikia chuma."

"Chuma?"

"Kama nimelamba sarafu."

"Umelamba pochi ya nani?"

Nikaona taulo linatikisika, nikadhani anacheka.

Alikuwa anatetemeka.

Nilipolitoa, macho yake yalikuwa mekundu na midomo imegeuka rangi. Alinikamata mkono. Anavuta hewa, hewa haiji. Akakohoa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikaacha kuhesabu. Na mimi mwenyewe ulimi ulikuwa umekufa ganzi, moyo unaruka kama friji ikitaka kuwaka.

Nilizima jiko. Nikafungua madirisha yote. Nikambeba.

Ngazi zile nilizopanda mara kumi na moja nikizichekea, niliteremka mara moja tu na shangazi mgongoni, na kila hatua alikuwa anakuwa mwepesi. Jirani wa chini ana gari, akaliwasha bila kuniuliza.

Hospitali daktari alikuwa kijana, ana haraka.

"Amevuta nini? Mlikuwa mnapika nini?"

"Jiwe."

"Ndugu, nimekuuliza mlikuwa mnapika nini."

"Jiwe, daktari."

Akamgeukia nesi, wakatazamana. Wakadhani na mimi nimechanganyikiwa. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akaichukua, akatoka nayo, akapiga simu kadhaa. Aliporudi haraka ilikuwa imemtoka usoni.

"Hivi vidude vina sumu," akaniambia taratibu. "Ukivichemsha sumu inatoka na mvuke. Wewe uliyekaa mbali imekugusa. Yeye alikaa karibu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikaa karibu kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Kama mtu anayeonyesha upana wa sinia.

Akaandika. Bora angenitukana.

Shangazi alikaa siku tatu na barakoa ya hewa. Mapafu robo, halafu robo yenyewe imeungua. Mimi walinitundikia dripu nikapata nafuu, nikawa nakaa pembeni ya kitanda chake kuanzia asubuhi mpaka watufukuze.

Siku ya tatu, kabla ya saa sita mchana, akaisogeza barakoa kwa kidole.

"Limefunguka?"

Nilikuwa nimepita nyumbani asubuhi hiyo, kwa hiyo nilijua.

"Limefunguka, shangazi. Limerudi kwenye jiwe lake. Limejaa tele, sijawahi kuliona hivyo."

Ilikuwa kweli. Hiyo ndiyo inayoniuma. Ingekuwa nimemdanganya ningepumua.

"Si nilikwambia?" akasema. "Lilikuwa linataka nafasi tu."

Nikamrudishia barakoa. Mchana huo huo akafa.

Msiba ulijaza ngazi zote tatu za jengo. Watu wakikaa chini, wakinong'ona, wote swali moja: mama alipatwa na nini? Na kila aliyeuliza nilimpa. Nilimfungulia simu nikamwonyesha yale maneno mawili, *Ua hilo*, nikasema huyu hapa, mtaalamu huyu, ndiye aliyeniambia niue.

Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakasonya. Mama mmoja akasema mtu kama huyo afungiwe duka.

Nikawa najisikia vizuri. Naandika neno hilo na mkono unakataa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu akimlaani Mkato, kifua changu kinapata nafasi ya pumzi moja.

Mke wangu alikuwa anagawa chai. Hakusema lolote. Nikadhani ni majonzi.

Kabla sijafika mwisho, niwape la kuwafaa wanaofuga viumbe vya chumvi nyumbani. Ukiona vifungo kwenye jiwe lako, usichemshe. Usisugue. Usimwage maji ya moto. Usiguse bila glovu, na ukigusa usiguse jicho. Jina zuri lisikulaze. Kitu hakipunguzi sumu kwa sababu watu wamekiita ua.

Hilo ndilo funzo ambalo ningependa mbaki nalo. Lipo jingine, ila hilo sikulitoa mimi.

Wiki moja baada ya kuzika, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mchomeleaji, mtu wa mabega, akasema haiwezekani. Twende kwa huyo Mkato atueleze.

"Twende," nikasema.

"Na mimi nakuja," mke wangu akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza marefu wiki ile.

Tulimkuta Mkato anasafisha kioo. Alipotuona aliweka sponji chini, akafuta mikono kwenye shati. Akaniangalia mimi tu.

"Pole," akasema.

"Pole ya nini?" shemeji akadaka. "Umemwua mama wa watu unasema pole?"

Wateja wawili wakajifanya wanaangalia samaki.

Nikatoa simu. "Mkato, haya maneno si yako? Ua hilo. Ni yako au si yako?"

"Yangu."

"Uliniambia niue!"

Mkato akatoa simu yake, polepole, akaifungua, akampa shemeji.

"Soma," akasema. "Anza na lake."

Shemeji akaisogeza mbali na macho. Akasoma kwa sauti, kama mtoto darasani.

"Mkuu, hiki kitu kwenye jiwe ni nini?"

Akalirudia swali kwa macho.

"Endelea," Mkato akasema.

"Ua hilo."

Shemeji akainua macho akanitazama. Akarudi kwenye simu.

"Halafu dakika nne baadaye: La sumu. Usisugue. Usichemshe. Kesho nakuja kulitoa."

Pampu zote za lile duka zilikuwa zinanguruma, nikazisikia moja moja.

Ujumbe huo wa pili mimi nilikuwa nao. Niliuona hospitalini, nimesimama kwenye korido, shangazi akiwa siku yake ya kwanza. Niliusoma mara moja. Nikaufuta.

Shemeji akamrudishia Mkato simu yake kwa mikono miwili. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia, na mtu wa maneno hashindwi kwa urahisi.

"Dakika nne!" nikasema. "Dakika nne zote ulikuwa wapi?"

"Na mteja."

"Neno lenyewe lina maana mbili!"

"Swali lako lilikuwa na moja."

"Wewe mwenyewe uliniambia si ua, ni mnyama! Ungeandika mnyama! Ungeandika sumu kwanza! Ungepiga simu, Mkato! Mtu anakuuliza kuhusu kitu cha kuua watu, unamwandikia kama unaandika kwenye ukuta wa choo! Ungepiga simu!"

Hapo akavunjika. Sikutegemea. Yule bwana ambaye sijawahi kumwona akicheka, kidevu kilianza kumcheza. Akashika ukingo wa tangi.

"Ningepiga," akasema. "Kila nikiamka nasema ningepiga. Nilikuwa nayo mkononi. Nikaona niandike tu. Ningepiga, ningesema sentensi moja, yule mama angekuwa anakula sasa hivi. Unasema kweli. Ni mimi."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Na namna alivyokuwa amesimama, nikajua amebeba kifo kile siku zote hizo, na kuanzia leo atakibeba hadi kaburini kwake.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia mzigo unanitoka.

"Mmesikia?" nikawageukia wote, shemeji, wateja, mke wangu. "Amekubali mwenyewe. Mimi nilikuwa sijui, nikauliza. Mtu asiyejua afanye nini zaidi ya kuuliza? Nimeuliza! Nikajibiwa vibaya!"

Mke wangu alikuwa mlangoni muda wote. Akasogea, akamwomba Mkato simu. Akaangalia ule ujumbe wangu wa kwanza, akaangalia saa iliyoandikwa pembeni yake. Akamrudishia, na mkono wake akauacha kwenye ule mkono uliolowa.

Kisha akanigeukia. Akaniita kwa jina langu la kuzaliwa.

"Mimi nilitoka nyumbani saa nane kwenda kazini, na jiwe lilikuwa limeshaanza kutokota. Huu ujumbe umeutuma saa nane na nusu. Sasa jibu ulilitaka la nini?"